Nani Atawatibu Mama Zetu?

Katika darsa yetu ya hapa Bungoma, baada ya sala ya alasiri, alisimama mtu mmoja miongoni mwa ndugu zetu akauliza: "Mke wangu ana donge katika titi. Nilimpeleka kupimwa, tukamkuta mpimaji ni mwanamume, nasi tukarudi nyumbani. Je, yajuzu mwanamume huyo kumtazama na kumgusa?" Tulipomuuliza jambo hilo lilitukia lini, alijibu kuwa ni miezi minane iliyopita.

Swali lenyewe si zito. Wanazuoni wamelijibu tangu zamani. Wamesema atafutwe kwanza tabibu mwanamke. Asipopatikana, mwanamume mwaminifu atatibu, mbele ya mume au maharimu au mwanamke mwenye kuaminiwa, naye atatazama kadiri ya haja wala hatapita hapo. Wametoa dalili kwa wanawake wa Madina waliowauguza majeruhi wa vita wanaume, wala hawakukanywa. Alipojeruhiwa Saad bin Muadh katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi.

Uzito uko katika miezi minane. Saratani ya matiti ikigunduliwa ikiwa bado changa, aghalabu hutibika. Ikishaenea katika mifupa, mapafu au ini, matabibu huweza kuipunguza nguvu, lakini kuiondoa kabisa huwa ni shida kubwa. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika mwaka 2022 wanawake kiasi cha milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na maradhi haya, na kiasi cha 670,000 walikufa kwayo. Shirika hilohilo limeweka lengo kwamba tangu siku mgonjwa aendapo kwa mara ya kwanza hata ajue ana maradhi gani, zisipite siku 60. Ndugu yetu yule amezipita mara nne, naye alidhani kuwa anailinda dini yake.

Wengi wetu hudhani kuwa mwenye kutibu ni mtu mmoja, daktari, na kwamba mke akishaingia kwake stara yote imeondoka. Sivyo. Kwanza yuko mhudumu wa afya wa mtaani, apitaye nyumba kwa nyumba. Katika mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatuma wahudumu hao kiasi cha 100,000 nchi nzima, na wengi wao ni wanawake. Kisha yuko muuguzi au tabibu wa zahanati, apapasaye donge na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Yuko mpiga picha za eksirei. Yuko atoaye kinofu kwa sindano, na yuko mtaalamu akitazamaye kinofu hicho kwa darubini na kusema kama ni saratani au siyo. Huyu wa mwisho hamwoni mgonjwa kabisa. Kisha yuko daktari wa upasuaji, na daktari wa saratani apimaye dawa, na mfamasia azichanganyaye, na mwenye kuongoza mionzi, na muuguzi akeshaye na mgonjwa. Baadhi yao wako hapa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Wengine hufuatwa Eldoret, katika Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, mwendo wa kama kilomita 100.

Tukiwahesabu hao wote, wenye haja ya kuutazama mwili ni wachache. Na hao wachache nao wana wajibu wao: wavute pazia, waombe ruhusa kabla ya kugusa, wakubali mwanamke mwingine awepo, wahifadhi siri, na wamwambie mgonjwa ukweli kwa upole. Haya ni haki ya mgonjwa, naye mume ana haki ya kuyadai. Kuyadai ni jambo moja, na kumrudisha mke nyumbani na donge lake ni jambo jingine.

Sasa twauliza: wanawake hao tunaowataka wawapime wake zetu, watatoka wapi? Elimu ya utibabu ni fardhi ya kutosheleza. Wakiifanya baadhi yetu wengine husalimika, na wote wakiiacha wote hupata dhambi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu ya fiqhi hali miji yao haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Lawama hiyo yatufikia sisi bado. Yuko mtu humzuia binti yake asisomee uuguzi kwa kuchelea fitina, kisha akifika hospitali hukasirika kwa kutomkuta mwanamke. Mtu huyo amtaka binti wa mwenzake ayafanye yale aliyoyaharamisha kwa binti yake mwenyewe. Je, huu ni uadilifu?

Wala hatujitoi katika lawama hii. Sisi tumesomesha juu ya stara mara nyingi katika darsa hii, lakini mlango wa dharura hatukuufungua hata siku moja mpaka tulipoulizwa. Jibu letu lilichukua dakika chache tu, nalo lilichelewa miezi minane.

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, tulikotoka sisi, wasidhani kuwa hii ni habari ya bara. Kila mmoja na aulize nyumbani kwake leo, kwa upole, kama yuko anayeficha jambo. Aliye na binti mwenye akili ya masomo, asimzuie. Na makhatibu waliseme jambo hili juu ya mimbari, wala wasione aibu, kwani aibu yao ndiyo inayowafunga wanawake midomo.

Mama yule amekwenda Eldoret na mumewe yuko pamoja naye. Twamwombea shifa kwa Mwenyezi Mungu, na twaomba atusamehe kwa tulichokinyamazia. Amin.