Hofu ya Wengi

Leo tutafakari kuhusu hofu.

Waliowahi kukesha kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, wanaijua vizuri. Mabenchi ya mbao yamejaa, jenereta linanguruma nje, na filamu za kutisha zinafuatana hadi alfajiri. Wengi walitetemeshwa na Shumileta, filamu ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, yenye jini la kike linalompenda binadamu. Zile za kigeni, marehemu Lufufu, mtafsiri wa filamu, alizisimulia kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya sauti za waigizaji.

Tazama jambo moja. Jini linapotokea, benchi zima hushtuka, jirani humshika jirani mkono, kisha wote huangua kicheko. Filamu hiyohiyo ukiitazama peke yako usiku, hucheki hata kidogo. Ndiyo maana wahenga walisema, kifo cha wengi harusi.

Lakini hofu zetu za kweli, yaani deni, ugonjwa, ada ya mtoto, kila mtu anazibeba kivyake. Leo mtafute mtu unayemwamini, umweleze linalokunyima usingizi. Naye akikueleza lake, msikilize mpaka amalize.