Ole Wenu Mnaowavika Watoto Sufu Wakati wa Kaskazi

Sikieni, enyi mnaokaa pwani, tangu Mtwara hadi Lamu. Kaskazi imeingia. Jua la Januari limesimama juu ya mabati yenu, kipimo Dar es Salaam kinapita nyuzi 32 mchana, na unyevu wa bahari hauliachi jasho likauke. Ninyi watu wazima mnahema. Mmevua mashati, mmefunga kanga kifuani, mnajimwagia maji uani mara mbili mara tatu kwa siku. Na katikati yenu amelazwa mtoto wa wiki tatu: kofia ya sufu, soksi, glovu, fulana mbili, sweta, kisha akaviringishwa shali, na juu ya shali blanketi.

Mmemzaa Temeke mkamvika kama wa Makete, ambako Julai umande huganda majanini. Huko Makete sweta ina kazi yake. Hapa kwenu ina kazi gani?

Najua mtakachojibu. Mtasema kichomi. Mtasema upepo. Mtasema manesi wenyewe ndio waliotuambia mtoto atunzwe joto. Naam, waliwaambia, wala hawakukosea. Mtoto anayetoka tumboni ana maji mwilini na hupoa upesi, ndiyo maana hukaushwa, akawekwa kifuani mwa mama, akafunikwa kichwa. Aliyezaliwa kabla ya wakati naye huhitaji ulinzi huo kwa muda mrefu zaidi, hata huku pwani. Lakini ninyi mmelitwaa neno la saa za kwanza mkaligeuza kuwa sheria ya mwaka mzima. Tena kichomi hakiletwi na upepo wa dirishani. Kichomi huletwa na vijidudu, na moshi humwongezea mtoto hatari ya kukipata. Nanyi mnafanyaje? Mnafunga dirisha upepo usiingie, mnaziba na upenyo wa mlango, kisha mnaingiza jiko la mkaa chumbani kuchemsha maji ya kumkandia mzazi! Mkaa huo hutoa sumu isiyonuka wala kuonekana. Upepo mmeufukuza, sumu mmeipokea kama mgeni.

Semeni kweli basi. Hamkiogopi kichomi. Mnaogopa maneno.

Maana binti akithubutu kumvika mwanawe fulana moja ya pamba akapanda naye daladala, hafiki kituo cha pili. Wa kiti cha nyuma atamgusa bega: “Wewe binti, mtoto humfuniki?” Wa pembeni atadakia kwamba mama wa siku hizi hawana uchungu. Kondakta naye, asiyejua hata nepi hufungwaje, atatikisa kichwa. Mwishowe binti atafungua mkoba atoe blanketi. Mnamvika mtoto maneno ya watu, na maneno hayapitishi hewa.

Laiti mngeuangalia mwili wenyewe. Mtoto mchanga hupata joto haraka kuliko sisi, na jasho lake bado halijajua kazi. Kichwa chake ni kikubwa ukikilinganisha na mwili, basi joto jingi hutokea hapo hapo mlipopafunga kwa sufu. Hawezi kulitupa shuka kwa mguu, hawezi kujisogeza kivulini, hawezi kusema. Ana kilio tu, na akilia mnasema ni tumbo, ni mchango, ni jicho la jirani aliyepita jana. Harara inamtoka shingoni na makwapani, mnamnyunyizia poda inayoziba ngozi na kumwingia mapafuni. Na joto la kupita kiasi madaktari wamelihusisha na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Je, hilo nalo mtasema ni jicho?

Akishikwa na homa ndipo upofu wenu unapokamilika. Mwili unawaka, nanyi mnaleta blanketi la pili eti atoke jasho. Mvueni! Mpelekeni akapimwe malaria. Mnamfungia moto ndani, kisha degedege ikimjia mnamtafuta aliyewaroga.

Na wewe bibi, kwa heshima zote, kiweke chini hicho kijiko cha maji. Mjukuu wako hajatimiza miezi sita. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, anaponyonya amekunywa. Ukimjaza maji, tumbo lake dogo halibaki na nafasi ya ziwa, chumvi ya damu yake inaweza kushuka hadi apate degedege, na kama maji yenyewe si salama umemletea kuhara. Joto likizidi, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Maji mpe mama yake. Huyo ndiye mwenye kiu nyumbani humo, na huyo ndiye anayekumbukwa mwisho.

Ole wako nawe baba! Jioni umekaa chini ya mwarobaini, kete za bao mkononi, upepo wa bahari unakupitia kifuani. Mkeo na mtoto wamo chumbani chini ya bati lisilo na dari, kwa kuwa arobaini haijaisha na watu wataonaje. Usiku unaingia, unaigeuza feni ikuelekee wewe, kwa hoja kwamba feni itampa mtoto mafua. Feni haitoi mafua. Isimpulizie usoni moja kwa moja, basi. Izungushe hewa ya chumba. Umeme ukikatika, shika kipepeo cha ukili. Mkono unaosukuma kete hauwezi kushindwa na kipepeo.

Mwenye nyumba unayepangisha vyumba vya bati tupu, vidirisha vyake kama sahani, wajua unachokifanya. Wazee wako walijenga kwa makuti na kuta nene. Nawe mwenye gari unayemwacha mtoto kitini ukisema naingia dukani mara moja: katika dakika 20 joto la gari lililofungwa juani huweza kupanda nyuzi 10 na zaidi, na kukiacha kioo wazi kidogo hakumwokoi.

Mvueni, nasema. Nepi na fulana nyepesi zatosha, na ndani mchana nepi peke yake. Gusa kisogo au kifua, usiguse viganja, maana viganja vya mtoto huwa baridi hata akiwa ameshiba joto. Mwogesheni kwa maji ya vuguvugu. Chandarua kibaki, blanketi liondoke.

Na siku atakapolegea, akalikataa ziwa, nepi ikakaa kavu saa sita, utosi ukabonyea, msianze kwa mfunga hirizi. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, amevuliwa, mama akimpa ziwa njiani, turubai la bajaji lisishushwe. Na akitokea mtu barabarani wa kumwuliza mama mbona mtoto yu wazi, mjibuni ninyi mliofuatana naye, kwa sababu yeye amejibu vya kutosha.