Jina Lililofichwa na Nia Iliyofichwa

Katika risala yake kuhusu amani ya kudumu, iliyochapishwa mwaka 1795, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alipendekeza kipimo cha haki kinachoweza kuitwa kanuni ya uwazi, yaani kwamba tendo lolote linalogusa haki za wengine ni dhuluma ikiwa nia inayoliongoza haiwezi kutangazwa hadharani bila tendo lenyewe kuharibika. Kant hakukielekeza kipimo hicho kwa watawala peke yao, kwani alishikilia kwamba hata uasi wa raia hushindwa mbele yake, kwa kuwa anayepanga kumpindua mtawala hana budi kuificha nia yake mpaka siku ya kuitekeleza. Hukumu hiyo, ambayo imewaudhi wengi wanaomheshimu kwa mengine, yafaa kupimwa upya sasa ambapo serikali na wapinzani wake hukabiliana katika mitandao ileile ya kijamii, kila upande ukiutuhumu mwenzake kwa kujificha.

Maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya dhidi ya Mswada wa Fedha hayakufanana na uasi aliouwazia Kant. Vijana wa kizazi cha Gen Z, ambao hawakuwa na chama wala kiongozi wa kukamatwa ili wengine watawanyike, walitangaza siku, saa na barabara za kukutania katika mabango yaliyozunguka kwenye X, TikTok na WhatsApp, wakayakusanya maneno yao chini ya hashtegi, yaani maneno yanayotanguliwa na alama ya reli ili maoni ya jambo moja yaonekane pamoja, na wakavichambua vifungu vya mswada, kikiwemo kile cha ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, katika video fupi za lugha mbalimbali za nchi. Haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha imo katika Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya, na wito wa kuitumia ungekufa kama usingetangazwa. Kwa hiyo raia hao walifaulu mtihani palepale ambapo Kant aliwatarajia raia washindwe.

Ni kweli kwamba wengi wao waliandika kwa majina ya bandia, na serikali haikukosa kulikumbusha hilo, lakini kipimo cha Kant huuliza kama nia inaweza kutangazwa, wala hakiulizi jina la mwenye nia. Mwenye akaunti isiyo na jina aliyesema waziwazi kwamba anataka mswada ukataliwe alikuwa ameificha sura yake tu, na sababu ya kuificha si ngumu kuielewa katika nchi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji nyara kati ya Juni na Desemba 2024. Kinyume chake ni mtu anayelipwa ili aandike. Utafiti uliotolewa na Mozilla Foundation mwaka 2021 ulieleza jinsi washawishi wa mitandaoni nchini Kenya walivyopokea dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni kadhaa kwa siku, dhidi ya majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI: maneno, picha na hashtegi viliwafikia tayari katika makundi ya WhatsApp, na kazi yao ilikuwa kuvisambaza kwa pamoja ili vionekane kuwa hasira ya umma. Mtu wa namna hiyo huweza kutumia jina lake halisi na picha yake ya harusini, na bado akawa amejificha zaidi kuliko yule asiye na jina, kwa sababu akimtaja anayemlipa kazi yote inaharibika.

Hata hivyo, uwazi wa nia haumwondolei mtu wajibu wa ukweli. Usiku wa Juni 25, 2024, katika maandamano hayo, zilienea habari kwamba watu wengi mno waliuawa katika mtaa wa Githurai, kwa idadi ambayo waandishi waliofuatilia baadaye hawakuipatia ushahidi, ingawa risasi zilifyatuliwa kweli na vifo vya siku hiyo mjini Nairobi havikuwa uvumi. Sura ya 49 ya Qurani, katika aya ya 6, huwaamrisha waumini kuihakiki habari iletwayo na mtu asiyeaminika, jambo ambalo wanazuoni huliita tabayyun, na wafasiri wengi husimulia kwamba aya hiyo ilishuka baada ya mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kurudi na taarifa ya uongo kwamba kabila la Banu Mustaliq limekataa kutoa. Ilikaribia kuwa vita, na chanzo chake, kama Nairobi, kilikuwa mali ya kutozwa. Aya ya 12 ya sura hiyohiyo hukataza upelelezi wa siri za watu, katazo ambalo, likichukuliwa kwa uzito, huwagusa dola inayofuatilia simu na vijana waliosambaza namba za wabunge ili wamiminiwe “salamu” usiku na mchana, japo hakuna anayeweza kudai kwamba madhara ya pande hizo mbili yalilingana.

Mchana wa Juni 25, 2024, intaneti ilidorora nchini, siku moja baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Mwaka mmoja baadaye, mamlaka hiyohiyo iliviamuru vituo vya televisheni na redio visirushe maandamano moja kwa moja. Kant mwenyewe alikiri kwamba kipimo chake ni cha kukanusha tu, kwa maana kwamba hufichua dhuluma lakini hakithibitishi haki, na amri hiyo ya 2025 ilikuwa dhuluma iliyotangazwa mchana kweupe. Lakini kwa kuwa ilikuwa na maandishi na mwenyewe, ilifikishwa Mahakama Kuu, nayo ikaisimamisha siku hiyohiyo; aliyetaka kuulalamikia mdororo wa 2024 alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba kulikuwa na mtu aliyeusababisha.