Sayari 1,000 na mabati ya mama



Gemu ya Starfield, ya kusafiri angani, ilitangazwa 2018 ikatoka Septemba 2023, ikiwa na sayari zaidi ya 1,000. Miaka yote hiyo niliingoja. Bei ilikuwa karibu dola 70, nami mkononi nilikuwa na hela ya mpunga niliyomwahidi mama kwa ajili ya mabati. Nikachanga na rafiki yangu mwenye kompyuta kule Sumbawanga mjini, tukainunua. Mama nikamwambia bei ya mpunga imeshuka.

Wiki ya pili hamu ikaisha. Natua sayari hii, mawe matupu. Natua ile, mawe tena. Wachezaji wengi duniani walilalamika hivyohivyo. Watengenezaji wakajibu kwamba hata wanaanga waliofika mwezini hawakukuta kitu, lakini hawakuboeka.

Jibu hilo lilinikera. Baadaye nikajiuliza: kwa nini hawakuboeka? Mwaka 1969 Buzz Aldrin, Mpresbiteri, baada ya kutua na kabla ya kukanyaga mwezi, alishiriki mkate na divai alivyobeba kutoka duniani. Hakungoja mwezi umpe shukrani, alikwenda nayo.

Mimi nilikwenda na nini? Uongo niliomwambia mama, na kuichoka Mtowisa. Nilizoea kusema huku bondeni hakuna kitu, basi nikadai sayari 1,000 zinijaze. Kucheza gemu si dhambi, jamani. Ila kiumbe ukikipa kazi ya Muumba, hata kiwe kizuri vipi, kitakuangusha tu.

Niliporudi nilimkuta mama nje, umeme umekatika, anasali rozari. Nyota zimejaa kuanzia Lyamba lya Mfipa hadi upande wa ziwa. Nikakaa naye mkekani. Tulipomaliza nikamwambia ukweli wote. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Basi mvua ikianza tutahamisha tena vitanda." Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Mabati bado sijanunua; mpunga wa msimu huu ni wake kwanza.

Wewe je, kijana mwenzangu, unachokikimbilia leo, nani nyumbani anakilipia?

Tuombeane.