Jiwe Nyuma ya Hekalu

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Luka 13:1–5, Matendo 12:1–17, Kumbukumbu la Torati 22:8.

Kedarnath ni mji mdogo wa hija katika milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,500. Hekalu lake la mawe, la mungu Shiva wa Wahindu, hufungwa majira ya theluji na kufunguliwa tena Aprili au Mei. Kwa hiyo mahujaji wengi hupanda wakati mvua za monsuni nazo ziko njiani. Mwaka 2013 mvua hizo ziliwahi. Kufikia Juni 16 zilikuwa zimeenea India yote, wiki kadhaa kabla ya kawaida yake, na njia ya miguu kutoka Gaurikund ilikuwa bado imejaa wazee, wapagazi na nyumbu wa mizigo. Jioni ya siku hiyo mafuriko yaliingia mjini. Asubuhi ya Juni 17 ziwa la Chorabari, lililokuwa juu ya mji karibu na mto wa barafu, lilipasua kingo zake, na maji yakashuka pamoja na mawe na matope. Katika jimbo zima la Uttarakhand watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Hekalu halikuanguka. Jiwe kubwa lililosukumwa na maji lilikwama nyuma yake, na mkondo ukagawanyika pande mbili. Nyumba nyingi za wageni na maduka yaliyolizunguka vilibomolewa.

Watu walitafuta maana. Waabudu wengi walisema mungu wao ameilinda nyumba yake, na jiwe lile huheshimiwa hata leo. Wengine walikumbuka kwamba Juni 16 hiyohiyo sanamu ya mungu wa kike Dhari Devi iliondolewa mahali pake, chini zaidi bondeni, ili kupisha bwawa la umeme. Wakasema hii ni ghadhabu yake. Naye Mkristo anayesoma habari hizi akiwa mbali anaweza kusema upesi kwamba waabudu sanamu wamevuna walichopanda. (Anaweza kulisema kwa sauti ya upole sana, hata akiwa na Biblia mkononi.) Majibu haya matatu yanaonekana kupingana, lakini hoja yake ni moja: tazama nani amesimama na nani ameanguka, kisha ujue Mungu anampenda nani.

Soma Luka 13:1–5. Watu waliomletea Yesu habari za Wagalilaya walitazamia aseme nini juu ya waliouawa?

Yesu aliulizwa habari za watu waliouawa na Pilato. Mnara wa Siloamu aliuleta mwenyewe, pamoja na wale kumi na wanane walioangukiwa nao. Upande mmoja kuna ukatili wa mtawala, upande wa pili jengo tu, na kwa makundi yote mawili anakataa kupima dhambi kwa namna ya kifo. Hasemi kwamba wafu hao hawakuwa na dhambi. Anasema hawakuwazidi wenzao. Kwa nini mnara ulianguka? Hajibu. Anawageukia walio hai na kuwaita watubu.

Juni 25 helikopta ya jeshi la anga iliyokuwa katika kazi ya uokoaji ilianguka karibu na Gaurikund, na watu wote 20 waliokuwa ndani wakafa. Walikwenda kuokoa. Anayetaka kuwahukumu mahujaji kwa kifo chao awahukumu na hawa pia, kama anaweza.

Lakini kukanusha hoja ya mtu wa dini nyingine ni kazi rahisi. Kazi ngumu iko kanisani, wakati wa ushuhuda. Ndugu mmoja anasimama: basi lilipinduka, wengi walikufa, lakini yeye Mungu alimwokoa kwa sababu asubuhi ile aliomba kabla ya safari. Kanisa linaitikia, “Amina!” Kwenye benchi la nyuma ameketi mjane ambaye mumewe naye aliomba asubuhi ileile. Ushuhuda ule umefanya mambo mawili kwa pamoja. Umeshukuru, na umeeleza. Shukrani ni haki ya ndugu huyo, na angeinyamazia angekuwa mtu wa ajabu. Kinachomchoma mjane ni yale maneno mawili, “kwa sababu”.

Katika Matendo 12 Yakobo anauawa kwa upanga, na mistari michache baadaye malaika anamtoa Petro gerezani. Kanisa lilimwombea Petro kwa bidii. Ni vigumu kuamini kwamba halikumwombea Yakobo. Luka haelezi tofauti hiyo. Petro anapofika nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, anasimulia jinsi Bwana alivyomtoa, naye anasimulia kwa watu ambao msiba wa Yakobo ulikuwa bado mbichi. Simulizi lake, kama tulivyoandikiwa, halina neno juu ya kwa nini yeye ametoka na Yakobo hakutoka.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta kuzunguka dari, mtu asianguke. Haiulizi dhambi za aliyeanguka, inamuuliza aliyejenga. Kedarnath, majengo yalikuwa yamesogea hadi kwenye mikondo ya mto, kwa kuwa wageni ni wengi na msimu wa kuchuma ni mfupi. Vijiji vya bonde lile vilipoteza wanaume wengi waliopanda kutafuta riziki ya msimu, si kuhiji tu, na wajane wao waliachwa na watoto wa kulisha.

Maswali ya Kujadili:

Mtu aliyeokoka katika ajali iliyomuua jirani yake atoeje ushuhuda akijua mjane wa jirani huyo yumo kanisani? Aseme nini, na aache nini? Na baada ya ibada, aende nyumbani kwa mjane huyo na nini mkononi?