Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Nionyeshe Soko

Swaumu yaendaje? Natumai daku haikukupita.

Leo nina swali moja, na nimejiuliza mimi kwanza kabla yako. Unapomsaidia mtu aliyekimbia kwao, unataka ainuke, au unataka aendelee kukuhitaji?

Kisa cha Madina unakijua. Mwaka 622 Muhajirina walifika mikono mitupu, mali wameiacha Makka. Mtume (s.a.w.) akawaunga udugu, Muhajiri kwa Ansari. Abdurrahman bin Auf akaungwa na Saad bin Rabii, tajiri wa Madina. Saad akataka wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda, akauza na kununua, akarudi na faida yake ya samli na jibini.

Tumezoea kumsifu Abdurrahman kwa kutotaka vya bure. Sawa. Lakini tazama na upande wa pili: alionyeshwa soko! Hakuna aliyemwambia, "Wewe mgeni, kaa hapo usubiri chakula."

Sasa tuje kwetu Kenya. Kambi ya Kakuma ilianza 1992. Wapo waliozaliwa pale na leo wana watoto wao pale pale. Kwa miaka mingi, hata kutoka kambini kulitaka kibali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imemtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Alhamdulillah. Ila sheria haimpangishii mtu chumba, wala haimdhamini. Hayo twafanya sisi, au hatufanyi.

Nina jirani, mama aliyetoka Congo. Ramadhani iliyopita aliniomba nimdhamini apate meza ya kuuzia vitenge sokoni. Nikamwambia, "Nitafikiria." Jioni nikampelekea sinia la futari: tende, sambusa, uji. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, kaka. Na ile ya meza?"

Wallahi nilikosa jibu. Sinia lilinigharimu pesa kidogo tu. Meza ingenitaka niliweke jina langu kando ya jina lake. Basi nikaona nimechagua ule msaada unaoniacha mimi juu na yeye chini.

Utasema, vijana wetu wenyewe hawana kazi. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini hata Ansari walikuwa na shida zao. Ndiyo maana Qur'ani, Surat al-Hashr aya ya 9, inawasifu kwa kuwatanguliza wenzao ilhali wao wenyewe ni wahitaji. Na muuza vitenge naye hununua unga dukani, hulipa kodi ya nyumba, na mzigo ukizidi humwita kijana wa mtaani amsaidie kubeba.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeigeuza methali hii kuwa ya kumsuta mgeni mvivu. Isikilize tena: anayeamrishwa pale ni mwenyeji. Jembe litoke kwake.

Yule mama alipata meza yake mwezi wa Shawwal. Nilichelewa, lakini nilitia sahihi.

Kazi ya leo: ukipeleka futari kwa mgeni, usiondoke haraka. Muulize anajua kazi gani, kisha fikiria unamjua nani.

Allah atutakabalie swaumu zetu, atupe mioyo ya Ansari. Amin. Tukutane kesho, inshaallah.