Deni Linalofutwa na Mdaiwa

Ahadi ni deni. Je, deni ambalo mdaiwa mwenyewe ana haki ya kulifuta siku yoyote, bila kumshauri anayemdai, bado ni deni? Swali hilo ndilo kiini cha ugatuzi nchini Uingereza, nchi ambayo katiba yake haimo katika waraka mmoja bali imetawanyika katika sheria za Bunge, hukumu za mahakama na desturi za watawala.

Mwaka 1997 Waskoti walipiga kura ya maoni, na asilimia 74.3 wakataka bunge lao. Wales nako wakakubali, kwa tofauti ya kura 6,721 tu. Mwaka uliofuata Westminster, yaani Bunge la Uingereza, ikapitisha sheria za kuyaunda mabunge hayo, pamoja na ile ya Ireland ya Kaskazini iliyotokana na Makubaliano ya Ijumaa Kuu. Lakini kifungu cha 28 cha Sheria ya Uskoti kinasema wazi kwamba kuwapo kwa bunge la Edinburgh hakupunguzi uwezo wa Westminster wa kuitungia Uskoti sheria. Kilichotolewa kilibaki pia kwa mtoaji.

Mantiki yake ni ya zamani. Mwanafalsafa Thomas Hobbes aliieleza mwaka 1651: anayejifunga kwa nafsi yake peke yake hajafungika, kwa kuwa mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua. Mwaka 1885 mwanasheria Albert Venn Dicey aliifanya nguzo ya sheria ya Uingereza: Bunge laweza kutunga na kufuta sheria yoyote, kwa hiyo haliwezi kulifunga Bunge litakalolifuata. Ni hoja nzito, na wanaoidharau hawajaifikiria vya kutosha. Ila tukumbuke pia kwamba Dicey huyo huyo, mwaka mmoja baadaye, alichapisha kitabu cha kupinga Ireland kupewa bunge lake. Na mwaka 1953 jaji wa Uskoti, Lord Cooper, alisema kanuni hiyo ni ya England na haina asili katika sheria ya kikatiba ya Uskoti. Bunge la pamoja lilitokana na muungano wa nchi mbili mwaka 1707. Aliuliza kwa nini basi lirithi tabia zote za bunge la England na lisirithi hata moja ya bunge la Uskoti. Sijaona jibu la kuridhisha kwa swali lake.

Watetezi wa mfumo huu hutuelekeza kwenye desturi. Ipo moja iliyopewa jina la Lord Sewel, aliyeitamka mwaka 1998: kwa kawaida Westminster haitatunga sheria juu ya mambo yaliyogatuliwa bila ridhaa ya bunge husika. Mwaka 2016 desturi hiyo iliingizwa katika sheria, sambamba na tamko kwamba bunge la Uskoti ni la kudumu na halitavunjwa ila kwa uamuzi wa Waskoti katika kura ya maoni. Januari 2017, katika kesi ya Miller iliyohusu kujitoa katika Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuiandika desturi ya Sewel hakukuipa nguvu ya kusimamiwa na majaji. Hilo ni la wanasiasa kumalizana wao kwa wao. Mei 2018 bunge la Uskoti likakataa, kwa kura 93 dhidi ya 30, kuiridhia sheria ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Sheria ikapita. Mwaka 2020 Uskoti na Wales zikaikataa sheria ya soko la ndani. Nayo ikapita.

Husemwa kwamba hakuna waziri mkuu atakayethubutu kulifuta bunge la Edinburgh. Naamini hivyo. Lakini anayeitazama hatari ya kufutwa peke yake anatazama pasipo hatari. Mamlaka yaliyogatuliwa hupunguzwa pembezoni, sheria kwa sheria, kila mara kwa sababu inayosikika ya maana, na kila mara aliyetoa ndiye anayeamua kama siku hiyo ni ya kawaida au la. Mwananchi wa Cardiff, huko Wales, anabaki na bunge, wabunge na jengo zuri; asichokuwa nacho ni neno la mwisho juu ya kile alichokipigia kura.

Je, dawa ni kuandika katiba nzima? Kenya inatufundisha kwenda taratibu. Katiba ya majimbo ya 1963 ilijadiliwa Lancaster House, mjini London, chini ya serikali ambayo kwao haikuwa na katiba ya namna hiyo. Majimbo yalilindwa kwa maandishi, yakiwa na mabaraza yao na Seneti. Novemba 1964 chama cha KADU kikajivunja na kujiunga na chama tawala cha KANU, na upinzani uliokuwa ukiyatetea majimbo ukaisha bungeni. Kufikia mwisho wa 1966 hata Seneti haikuwapo. Karatasi ilikuwepo, waliotakiwa kuulizwa kabla ya kuibadilisha walikuwa wabunge, na wabunge walikuwa wa upande mmoja.

Katiba ya 2010 ilikwenda kwingine. Kugusa malengo, misingi au muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni, ambamo angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti 47 au zaidi. Hapa ndipo naona tofauti ya kweli, wala si kati ya katiba iliyoandikwa na isiyoandikwa. Ni kati ya mamlaka ambayo mtoaji huyarudisha peke yake na yale ambayo hawezi kuyagusa mpaka amwendee aliyepewa.

Uingereza inaweza kuanza na kanuni hiyo moja tu, hata kabla ya kukubaliana juu ya waraka mzima. Ila ridhaa hiyo lazima ihesabiwe kwa kila taifa peke yake, maana zaidi ya asilimia 80 ya watu wa Uingereza wanaishi England. Mwaka 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, na wengi wa Ireland ya Kaskazini vilevile. Kura zao zilijumlishwa na za wengine, na hakuna kanuni yoyote iliyowataka watawala wawaulize tena.